Herufi za Safu Moja

Juma hili tutatazama kitu ambacho mikono mingi inakigusa kila siku, na macho machache yanakitazama kweli. Ndicho kibao cha herufi: kile cha mashini ya kupigia chapa iliyokuwa juu ya meza za makarani wa zamani, kile cha kompyuta ya shuleni, na kile kidogo kinachotokea juu ya kioo cha simu ya mkononi. Herufi zimepangwa juu yake katika safu tatu, wala hazifuati A, B, C. Mtoto akiuliza sababu, baba yake anamjibu, “Ndivyo ilivyo,” na mazungumzo yanakwisha. Leo tuyaendeleze kidogo.

Wenye kusema Kiingereza wana mchezo wao juu ya kibao hicho. Wanatafuta maneno yanayoandikwa kwa herufi za safu moja tu, bila kidole kupanda wala kushuka. Kibao chao kina herufi kumi katika safu ya juu: Q, W, E, R, T, Y, U, I, O, P. Safu ya kati ina tisa: A, S, D, F, G, H, J, K, L. Safu ya chini ina saba: Z, X, C, V, B, N, M. Zile sita za kwanza za juu ndizo zilizokipa kibao jina lake, QWERTY.

Safu ya juu ni shamba lenye rutuba. Hapo mtu anavuna “property”, maana yake mali. “Territory”, yaani nchi iliyo chini ya utawala fulani. “Proprietor”, mwenye mali. “Perpetuity”, hali ya kudumu bila mwisho. Na “repertoire”, jumla ya nyimbo au michezo ambayo mtu amejizoeza na yuko tayari kuionyesha, neno ambalo Waingereza walilikopa kwa Wafaransa. Haya matatu ya mwisho yana herufi kumi kila moja. Wenye subira wanaingia mpaka katika vitabu vya mimea na kutoka na “rupturewort”, lenye herufi 11. Ni jina la mmea mdogo unaotambaa chini, ambao watu wa Ulaya wa zamani waliuamini kuwa dawa ya ngiri. Wengine wanakataa kulihesabu, kwa kuwa hakuna anayelisema sokoni. Mimi naona lihesabiwe: mmea upo, na jina lake limo katika kamusi. Tazameni tena jambo jingine: “poor”, yaani maskini, na “proprietor”, mwenye mali, wanakaa safu moja, hatua chache tu kati yao.

Safu ya kati ni kavu zaidi. Inatoa “glass”, kioo, “flag”, bendera, “salad”, mboga mbichi za mezani, na “alfalfa”, majani wanayolishwa ng’ombe na farasi, neno ambalo Kiingereza kililipata kwa Wahispania, na Wahispania kwa Waarabu. Inatoa pia jina la nchi. Kati ya majimbo 50 ya Marekani, moja tu linaandikwa kwa safu moja ya kibao: ni Alaska, jimbo la baridi kali lililoingia katika umoja huo mwaka 1959. Wanafunzi wa jiografia wanaweza kuwasumbua wenzao kwa swali hilo.

Safu ya chini haitoi kitu. Mtu aweza kuandika “zzz”, ule mkoromo wa mtu aliyelala katika picha za kuchekesha, lakini mkoromo si neno.

Sababu ya tofauti hii ni nyepesi. Neno la Kiingereza, kama neno la Kiswahili, haliendi bila vokali. Safu ya juu ina E, U, I na O, tena ina Y ambayo Waingereza huitumia mara nyingi kama vokali. Safu ya kati ina A peke yake. Safu ya chini haina hata moja, na kwa hiyo ni bubu.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu ya hadithi moja inayopitishwa toka kinywa hata kinywa. Neno “typewriter” lenyewe, ambalo ndilo jina la mashini ya kupigia chapa kwa Kiingereza, linaandikwa lote kwa safu ya juu. Basi watu husema kwamba mtengenezaji alizipanga herufi hizo makusudi, ili mwuzaji anayekwenda kuionyesha mashini kwa matajiri aandike jina lake upesi bila kutafuta herufi huku na huku. Hadithi ni tamu. Lakini safu yenye vokali nne pamoja na Y, na zaidi ya hizo R, T na P, zinazopatikana katika maneno mengi mno ya Kiingereza, itazaa maneno marefu hata kama hakuna aliyekusudia. Je, “perpetuity” nalo liliwekwa pale kwa ajili ya mwuzaji? Na “repertoire”? Anayeleta hadithi ya “typewriter” atuambie kwanza juu ya hayo.

Tujue basi yanayojulikana. Mtengenezaji alikuwa Christopher Latham Sholes, aliyezaliwa mwaka 1819 na kufa mwaka 1890. Alikuwa mpiga chapa na mhariri wa magazeti katika mji wa Milwaukee, Marekani. Pamoja na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soulé alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1868. Mashini yao ya kwanza ilikuwa na vitufe mfano wa kinanda, na herufi zilifuata alfabeti. Mwaka 1873 uvumbuzi ulipelekwa kwa kampuni ya Remington, katika mji mdogo wa Ilion wa jimbo la New York. Watu hao walikuwa mafundi wa bunduki na wa vyerehani, na jambo hilo lilionekana waziwazi: mashini iliyouzwa tangu mwaka 1874 ilichorwa maua kama cherehani, tena ilikuwa na kikanyagio cha mguu cha kurudisha karatasi mwanzo wa mstari. Iliandika herufi kubwa tu. Bei yake ilikuwa dola 125, na wanunuzi walikuwa wachache. Herufi ndogo zilikuja na mashini ya pili ya Remington, mwaka 1878.

Kati ya alfabeti ya mwanzo na QWERTY ya mwisho herufi zilihamishwa mara nyingi. Lakini alama ya alfabeti haikufutika. Tazameni safu ya kati, someni toka D: D, F, G, H, J, K, L. Ni alfabeti ile ile, iliyong’olewa E na I zikapandishwa juu. Hapo kwanza hata M ilikuwa imekaa upande wa kuume wa L, mahali pake pa haki, ilishushwa baadaye. Mwiikumbuke M hiyo, tutakutana nayo tena.

Kwa nini zilihamishwa? Wengi husema kwamba Sholes alitaka kuwachelewesha waandishi, kwa sababu vile vyuma vyenye herufi, vilivyoning’inia kwa duara chini ya karatasi, viligongana na kukwama mtu alipoandika upesi. Ni kweli kwamba vyuma vilikwama. Lakini kuwachelewesha watu ambao bado hawajajua kwenda upesi ni kazi ya bure. Siku zile kila mtu alitafuta herufi kwa kidole kimoja au viwili. Haikujulikana sana kwamba mtu aweza kuandika kwa vidole vyote bila kutazama, mpaka mashindano ya tarehe 25 Julai 1888 katika mji wa Cincinnati, alipotokea Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City. Yeye alikwisha kukiweka kibao chote moyoni, akamshinda Louis Traub, aliyetumia mashini ya namna nyingine. Na McGurrin alishinda kwa kibao cha QWERTY.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ndio Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, walileta maelezo mengine mwaka 2011. Wao wanasema kwamba watu wa kwanza kuijaribu mashini walikuwa wapokeaji wa telegramu, waliosikiliza alama za Morse na kuziandika papo hapo. Katika alama za Morse za Marekani, Z ilikuwa nukta tatu, kisha nukta moja. Lakini nukta tatu ni S, na nukta moja ni E. Msikiaji hakuweza kujua kama ni Z au ni S na E mpaka asikie herufi inayofuata. Kwa hiyo ilimfaa kuwa na S karibu na Z, na karibu na E vilevile. Na ndivyo zilivyo mpaka leo: wekeni kidole juu ya S, mtaiona E juu yake na Z chini yake. Maelezo haya nayaona mazuri kuliko yale ya kuchelewesha, kwa sababu yanaonyesha watu wakitengeneza chombo kwa mahitaji ya kazi yao.

Na kazi hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Hilo ndilo linalotuhusu sisi.

Haya, tukilete Kiswahili juu ya kibao cha QWERTY tucheze mchezo ule ule. Safu ya juu, iliyokuwa shamba la Waingereza, kwetu inatoa haba. Tunapata “upepo”, “weupe”, “wito”, “utii”, “pete”, “pori”, “wewe” na “yeye”. Tunampata Petro. Kwa kujikaza tunapata “utupitie”, kama mtu anapomwambia mwenye motokari apite kwao asubuhi. Tunakwama haraka kwa sababu safu hiyo haina A, na vitendo vyetu karibu vyote vinakwisha kwa A: soma, lima, penda, andika.

Lakini shukeni safu ya kati, ile iliyokuwa kavu kwa Waingereza. Hapo tunapata “sala” na “sadaka”. Tunapata “kaka” na “dada”, “saa”, “haja”, “kasha”, “ghala”, “jalada”, “fasaha”. Tunapata “shahada”, ile anayopewa mwanafunzi mwisho wa masomo. Na kwa bahati kidole cha shahada ndicho kinachokaa katika safu hiyo, cha kushoto juu ya F na cha kuume juu ya J. Ndugu zetu wa Tanzania wanapata “daladala”, lile basi dogo la abiria, lenye herufi nane. Tena sisi tunaweza kutunga sentensi nzima bila kuondoka: kaka akala dagaa akalala. Mwingereza, kwa vokali yake moja, atajitahidi sana kuifikia. Safu moja, herufi tisa zile zile. Kwa lugha moja ni jangwa na kwa nyingine ni bustani.

Wengine watasema, “Huo ni mchezo wa watoto, una faida gani?” Faida yake ni kutufungua macho. Hesabuni herufi za sentensi hii: Baba na mama wanakaa nyumbani. Zote ni 25, na katika hizo A ni 10. Sasa hesabuni maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo: “Father and mother are at home.” Zote ni 24, na A ni nne tu. Kwa kanuni ya kuandika kwa vidole kumi, A ya QWERTY ni kazi ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kidogo kuliko vyote na dhaifu kuliko vyote. Kwa Mwingereza kidole hicho kinapumzika mara nyingi. Kwa mwenye kuandika Kiswahili ndicho mchukuzi wa mzigo. Katika sentensi ile fupi kimepigishwa kazi mara kumi, na vidole tisa vingine vimegawana zile 15 zilizobaki.

Basi mwalimu anapomwona mwanafunzi wake akiandika Kifaransa au Kiingereza upesi kuliko Kiswahili, asidhani kwamba kijana anaidharau lugha ya nyumbani. Huenda ni kidole kilichochoka.

Kwetu Kongo jambo lina fundo jingine. Kibao tulichokipokea pamoja na Kifaransa, kwa njia ya Wabelgiji, ni kile cha AZERTY. Ni mtoto wa QWERTY aliyebadilishwa kidogo huko Ulaya. A na Q zimebadilishana mahali, na Z na W vilevile. Na ile M? Katika AZERTY haikushushwa. Imebaki upande wa kuume wa L, kama katika mashini za kwanza za Remington. Anayeandika Kinshasa au Lubumbashi leo anaigusa M mahali ambapo Waingereza waliiondoa tangu karne ya 19.

Kwa badiliko hilo mchezo wote unapinduka. Safu ya juu sasa ni A, Z, E, R, T, Y, U, I, O, P. Vokali zote tano zimekutana humo! Safu ya kati imekuwa Q, S, D, F, G, H, J, K, L, M, haina vokali hata moja, na yote mnayoweza kuandika kwayo ni “kg” kwa kilo na “km” kwa kilometa. Sentensi yetu juu ya kaka na dagaa imevunjika vipande. Na “typewriter” ya Waingereza imevunjika pia, kwa sababu W imeshuka chini kabisa. Lakini wao wamelipwa: “prayer”, maana yake sala, ambayo haikuwezekana kwa safu moja ya QWERTY, sasa inawezekana. Wafaransa nao wana “prier”, kusali. “Patrie”, nchi ya kuzaliwa. Na “papeterie”, duka la karatasi na kalamu. Wanahistoria wetu watatambua kwamba Zaïre, jina la nchi yetu toka mwaka 1971 hata 1997, nalo ni la safu ya juu, na hata kitufe cha zile nukta mbili za juu ya i kipo papo hapo kando ya P. Jina Kongo halina raha hiyo. Linataka safu zote tatu, kwa kibao hiki na kwa kile.

Na Kiswahili? Kwa safu ya juu ya AZERTY kinastawi. “Raia”, “pazia”, “rozari”, “ziara”, “utii”, “potea”, “tupa”, “tutapata”. Petro amebaki nasi, na sasa ana kazi ya kufanya: Petro atatupatia papai. Neno refu nililolipata ni “yatatupotezea”, lenye herufi 13, kama mtu anaposema kwamba mambo fulani yatatupotezea saa nzima. Kidole kidogo cha kushoto lakini hakikupata nafuu. A bado ni yake, tena sasa inambidi aipande juu kila mara, badala ya kuikuta chini yake alipopumzika.

Watu wa mipakani wanayajua haya kwa uchungu. Kompyuta zilizokwisha kutumika zinazotoka Ubelgiji huja na AZERTY. Zinazopitia Dubai au Kampala mara nyingi huja na QWERTY. Katika chumba kimoja cha shule zinaweza kukaa bega kwa bega. Kijana aliyejifunza vema, bila kutazama vidole, akiwekwa mbele ya kibao cha pili, anaandika “asante” na kioo kinamwonyesha “qsqnte”. Anaandika “wazazi”, inatoka “zqwqwi”. Kadiri alivyojifunza vizuri ndivyo anavyokosea zaidi. Aliye mvivu, anayetafuta herufi kwa kidole kimoja, anapita bila taabu. Mnaona haki iko wapi hapo?

Mbaya zaidi ni neno la siri la kufungulia kompyuta, kwa sababu kioo huonyesha nukta tu na mwenye kuandika haoni kosa lake. Anajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anafungiwa mlango. Na aliyezoea QWERTY akifika kwenye AZERTY anapambana na tarakimu pia: huko tarakimu hazitoki mpaka kitufe cha herufi kubwa kishikwe. Asipojua, badala ya 2 inatoka é, badala ya 9 inatoka ç, na badala ya 0 inatoka à. Fikirini mtu anayejaza fomu ya kuomba kazi huku saa inakwenda, au mwanafunzi aliye katika mtihani. Wazazi wanaolipa karo ya mafunzo ya kompyuta wana haki kuuliza swali moja kabla ya kulipa: mtamfundisha mtoto wetu kibao kipi, naye atafanyia mtihani juu ya kipi?

Jambo moja linasaidia, nalo halijulikani na wengi. Herufi iliyochorwa juu ya kitufe siyo inayoamua. Ndani ya kompyuta kuna programu inayosema kitufe fulani kitoe herufi fulani, na mpangilio huo unaweza kubadilishwa kwa dakika moja, toka AZERTY kwenda QWERTY na kurudi. Rangi ya juu itasema uongo, lakini anayeandika bila kutazama hajali rangi. Kwa hiyo yule kijana tuliyemwonea huruma ana dawa yake: aulize kwanza kama anaruhusiwa kubadilisha mpangilio. Simu ya mkononi nayo inakubali. Huko tena hatari ni ndogo, kwa kuwa herufi zinabadilika juu ya kioo pamoja na mpangilio, na mtu anaona anachokigusa.

Je, hakuna aliyejaribu kupanga upya kwa akili? Yupo. August Dvorak, profesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, pamoja na shemeji yake William Dealey, walipata hati ya kibao chao mwaka 1936. Walihesabu herufi za Kiingereza, wakaziweka zinazotumika sana katika safu ya kati, mahali vidole vinapopumzika: A, O, E, U, I upande wa kushoto, D, H, T, N, S upande wa kuume. Kwa hesabu yao, kama sehemu 70 katika 100 za kazi yote zingefanyika hapo bila vidole kusafiri. Hawakufaulu. Watu walikwisha kuizoea QWERTY, mashini zilikwisha kununuliwa, na majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali ya Marekani mwaka 1956 hayakuona faida ya kulipia gharama ya kuwafundisha makarani upya.

Dvorak hakuwaza Kiswahili hata kidogo. Lakini tukijaribu mchezo wetu juu ya safu yake ya kati, tunapata “ndoa”, “dini”, “utoto”, “anasaidia”, “tunasaidiana”, hata “hatutasaidiana”, lenye herufi 14. Kibao alichopangiwa Mwingereza kingetufaa sisi pia, maana vokali zote tano ziko chini ya mkono mmoja. Kibao kilichohesabiwa kwa Kiswahili chenyewe kingekuwa bora zaidi. Hapo nadhani K, M na W zingepewa viti vizuri, na A ingeondolewa kwa kidole kidogo na kukabidhiwa kidole chenye nguvu. Simshauri mtu akingojee. Vidole vya wanafunzi wetu viko tayari sasa, na mashini walizo nazo ni hizi mbili.

Kazi ya juma hili kwa wanafunzi ni kulishinda “yatatupotezea”. Chukueni safu ya juu ya AZERTY, herufi kumi tu, mtafute neno la Kiswahili lenye herufi 14 au zaidi. Liwe neno ambalo mtu mwenye akili timamu aweza kulisema mbele ya wenzake na wakamwelewa. Kurundika viambishi bila maana hakukubaliwi. Majina ya watu hayahesabiwi, ila Petro tumekwisha kumruhusu.